Shokapu mpya, mipira ya zamani

Gari lilirudi gereji baada ya miezi minne. Shokapu za mbele bado zilikuwa na rangi yake ya dukani, lakini ya kushoto ilikuwa imelowa mafuta kuanzia shingoni hadi chini, na vumbi limegandia juu yake kama tope. Mwenye gari alishaamini kauziwa feki. Nikaifungua, nikaipangusa rodi, ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka kwenye shokapu, kwa kitambaa, halafu nikapitisha ukucha wa kidole gumba polepole kutoka juu kwenda chini. Katikati ukucha ukakwama. Kwenye kromu palikuwa na alama nne za meno ya plaisi, zimejipanga vizuri kabisa. Fundi aliyeifunga aliibana rodi isizunguke alipokuwa anakaza nati ya juu. Tangu siku hiyo, kila gurudumu lilipopanda na kushuka, mikwaruzo ile ilipita kwenye sili, mpira unaozuia mafuta yasitoke, na kuila kidogo kidogo. Shokapu ilikuwa nzima, tena nzuri. Iliharibiwa siku ile ile ilipofungwa.

Ninaita shokapu kwa sababu ndivyo tulivyozoea, ila ya mbele kwenye magari mengi madogo ni zaidi ya hapo. Ni strati, mpangilio uliobuniwa na mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, miaka ya 1940. Springi imevishwa juu ya shokapu, chini imefungwa kwa bolti kwenye nako, kipande cha chuma kinachoshika gurudumu, juu imeshikwa na mauntingi, kishikizo cha mpira kwenye bodi. Mkono wa juu, ule wa kuliunganisha gurudumu na bodi, haupo. Nguzo hiyo moja inabeba uzito, inatuliza springi na inazunguka na usukani. Kwa hiyo ikipinda, gurudumu nalo linalala upande na tairi linaanza kuliwa.

Wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Anayebeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kuizuia isiendelee kucheza baada ya shimo. Ndani kuna pistoni yenye vali, inasukumwa katikati ya mafuta. Mafuta yanapita kwa shida, ule mwendo unageuka joto, na joto linatoka nje kupitia ukuta wa silinda. Nyingi huwekewa na naitrojeni ili mafuta yasitoe povu, maana povu haliwezi kuizuia pistoni.

Inachoka taratibu, na dereva anaizoea. Ndiyo maana mimi huanza na tairi: pitisha kiganja juu ya kashata zake, yale matuta yanayokanyaga barabara. Ukihisi mabonde na vilima, gurudumu limekuwa likirukaruka badala ya kukanyaga. Kule kuminya boneti na kuhesabu inadunda mara ngapi kunakuonyesha shokapu iliyokufa kabisa, si iliyochoka nusu. Unyevu mwembamba shingoni usikutie hofu, kwa sababu rodi hupanda na utando wa mafuta yanayolainisha sili. Yakitiririka hadi chini, hiyo imekwisha.

Kuna na kelele ambayo shokapu husingiziwa. Gari likiwa limesimama, mwenzako azungushe usukani polepole, wewe gusa springi kwa ncha za vidole. Ikijikaza kisha ikaruka kwa kishindo, beringi ya mauntingi juu imegoma.

Na hapa ndipo mipira inapoingia. Ndani ya ile springi kuna mpira wa kugotea, unaoizuia pistoni isigonge mwisho wake, na kuna kava la vumbi linaloifunika rodi. Vikizeeka vinamomonyoka kama mkate mkavu. Kava likichanika, mchanga unatua kwenye rodi yenye mafuta na kuingia nao kwenye sili, kazi ile ile ya meno ya plaisi, ila polepole. Mteja akiniambia nibadilishe shokapu tu, mipira ya zamani irudi, huwa nabishana naye kwa upole mpaka tuelewane. Pia nabadilisha pande mbili za ekseli moja kwa pamoja, kwa sababu upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine laini, gari halikai sawa kwenye kona wala kwenye breki za ghafla.

Kwa anayetaka kufungua mwenyewe, naomba sana hapa usome taratibu. Nati ya katikati, juu ya rodi, ndiyo inayoizuia springi. Ukiilegeza kabla springi haijabanwa, inafyatuka kwa nguvu ya kuvunja mfupa au kuua. Tumia vibanio viwili vilivyo imara, kimoja kila upande vikitazamana, uvikaze kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule, kwa mkono na si kwa mashine ya upepo. Nati usiiguse mpaka springi iwe inacheza kwenye vikalio vyake. Uso wako usiwe kamwe kwenye mstari wa rodi.

Kabla ya kung'oa, weka alama kwenye bolti za nako, na nako ifunge kwa waya isije ikaning'inia kwenye mpira wa breki. Shokapu mpya za mafuta zisimamishe wima uzivute na kuzisukuma mara kadhaa, hewa itoke. Ncha ya springi ikae kwenye ngazi yake ya kikalio cha chini. Ikipita hata sentimita mbili utaisikia. Rodi ina tundu la aleni (ufunguo wa pembe sita) au bapa kwa juu, hapo ndipo pa kuishika unapokaza. Nati za kujifunga weka mpya, na ukaze kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari. Kama ulilegeza bushi (mipira ya maungio) za mkono wa chini, zikaze gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake, la sivyo mpira unabaki umejipinda muda wote na kuchanika mapema.

Kisha alaimenti, yaani kupima na kunyoosha magurudumu kwa mashine, hata kama usukani unaonekana umenyooka. Zile alama za bolti zinakufikisha kwenye mashine bila kula tairi njiani. Kupima zenyewe haziwezi.