Lupasi na umri wa kukoma hedhi

Wanawake wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, huambiwa mara kwa mara kwamba ugonjwa huo hukomesha hedhi kabla ya wakati, na wengi wa ninaowahudumia hapa Tanga huja wakiwa wamekwisha kuiamini kauli hiyo. Kwa kawaida hedhi hukoma kwenye umri wa miaka 50 hivi. Ikikoma kabla ya miaka 45 tunasema imewahi, na kabla ya miaka 40 ni hali inayodai uchunguzi kamili. Lupasi iliyotulizwa kwa haidroksiklorokwini na prednisoloni kidogo haiusogezi sana umri huo. Kinachousogeza hasa ni saiklofosfamidi, dawa ya dripu tunayoitumia ugonjwa unaposhambulia figo au ubongo.

Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, nayo hupungua tu kadiri miaka inavyokwenda. Saiklofosfamidi huipunguza kwa kasi, na kwa hiyo binti wa miaka 20 huweza kuivumilia dozi ambayo itamkomesha hedhi mama wa miaka 35. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1993 ulilinganisha wanawake waliopewa dozi 7 za kila mwezi na wenzao waliopewa 15 au zaidi: hedhi ilikoma moja kwa moja kwa asilimia 12 ya kundi la kwanza na asilimia 39 ya kundi la pili, na waliovuka miaka 30 ndio walioathirika zaidi. Siku hizi wagonjwa wengi ambao lupasi imeshambulia figo zao huweza kutibiwa kwa utaratibu mfupi wa saiklofosfamidi, miligramu 500 kila baada ya wiki mbili, mara sita, yaani gramu 3 kwa jumla, ambao madhara yake kwa mayai ni madogo sana. Maikofenoleti, dawa nyingine ya lupasi ya figo, haigusi mayai kabisa, ila humdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo haitolewi bila uzazi wa mpango wa uhakika. Ipo pia sindano ya lyuprolaidi ya kuzipumzisha ovari, ambayo huchomwa siku 10 hadi 14 kabla ya dripu. Ni ghali, na figo zinazoharibika hazingoji sindano. Kwa maoni yangu, mazungumzo kuhusu uzazi yafanyike kabla ya dripu ya kwanza, hata kama binti amesindikizwa na shangazi yake na anaona haya kuyasema.

Hedhi kusimama, hata hivyo, si lazima iwe imekoma. Lupasi iliyochachamaa, prednisoloni nyingi na figo dhaifu huweza kuisimamisha kwa miezi kadhaa, kisha ikarudi. Na ujauzito upimwe kwanza, kabla hatujafika kwenye kipimo cha FSH, homoni inayoyakuza mayai, ambayo hupanda hedhi inapokoma. Joto la ghafla nalo huchanganya, hasa huku pwani wakati wa kaskazi, ambapo kila mwenye jasho hukimbilia kupima malaria. Joto la kukoma hedhi hupanda kifuani na usoni kwa dakika chache, na kipimajoto husoma kawaida. Kikisoma homa, tafuta maambukizi au lupasi yenyewe.

Aliyekoma mapema hupoteza kinga ya estrojeni, homoni ya kike itokayo kwenye ovari, kwa mifupa na moyo, viungo ambavyo prednisoloni na lupasi tayari vinavidhoofisha, na ndiyo maana homoni za kufidia zisikataliwe kwa sababu tu mgonjwa ana lupasi. Jaribio la SELENA la mwaka 2005 lilionyesha kwamba, kwa wanawake waliokoma hedhi na ambao lupasi yao haikuwa kali, homoni hizo ziliongeza kidogo milipuko ya lupasi iliyo midogo na ya wastani, wala si ile mikali. Mwenye kingamwili za kugandisha damu, au aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, asipewe estrojeni. Yeye tunamlinda kwa dawa za mifupa, kalisi na kupunguza prednisoloni kadiri ugonjwa unavyoruhusu.