Mafunzo thabiti ya altrasaundi katika feloshipu ya tiba ya michezo ni yapi hasa?

Feloshipu ya tiba ya michezo ni mafunzo ya ziada ambayo daktari huyapata baada ya kumaliza ubingwa wake, na nchini Marekani, ambako utaratibu huu umeota mizizi, kwa kawaida huchukua mwaka 1. Wengi wanaoingia hutoka kwenye tiba ya familia, tiba ya dharura, magonjwa ya ndani, magonjwa ya watoto au tiba ya utengamao, ilhali wapasuaji wa mifupa wana feloshipu yao peke yao. Si kozi fupi ya cheti, wala si ubingwa bobezi wa hapa kwetu Tanzania. Na ile MPhil ya tiba ya michezo inayotolewa na Chuo Kikuu cha Cape Town ni shahada, si feloshipu. Daktari aliyepata MMed yake, yaani shahada ya uzamili ya ubingwa, hapa Bugando jijini Mwanza akumbuke pia kwamba programu za Marekani kwa kawaida humtaka mwombaji awe amepitia kwanza ubingwa uliofanyika chini ya ithibati inayotambulika kwao.

Jambo linalopotoshwa mara nyingi zaidi ni ile sifa ya kuwa programu fulani "ina altrasaundi nzuri". Nimewasikia madaktari vijana hapa Mwanza wakiitumia kwa maana ya kwamba kliniki ina mashine mpya, au kwamba mafelo wake, yaani madaktari walio kwenye feloshipu, huchoma sindano nyingi za viungo kwa kuongozwa na picha. Maana zote mbili zinakwepa kiini cha jambo, na anayechagua mahali pa kusoma kwa kuzifuata anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuupata ujuzi aliousafiria.

Mashine yenyewe haina siri kubwa. Kipimo ambacho wengi wanakijua, kile cha wajawazito, hutumia kichwa cha mashine, yaani kile kifaa kinachowekwa juu ya ngozi, kilichopinda na chenye masafa ya chini, ya takriban megahezi 2 hadi 5, ili mawimbi yafike mbali ndani ya mwili. Kwa kano na misuli hutumika kichwa kilichonyooka chenye masafa ya juu, mara nyingi yanayozidi megahezi 10, ambacho hakifiki mbali lakini huonyesha hata nyuzi za kano iliyo karibu na ngozi. Mashine moja huweza kubeba vichwa vyote viwili. Ugumu uko kwenye mkono na jicho la anayepima.

Chukua mfano wa golikipa aliyeangukia bega katika mechi ya uwanja wa CCM Kirumba. Kano ya bega yenye afya huonekana nyeupe, nyuzi zake zimelala sambamba; lakini kichwa cha mashine kikiinama kidogo tu, mawimbi yakaacha kuipiga kano kwa pembe mraba, sehemu ile ile hugeuka nyeusi mithili ya kano iliyochanika. Hali hiyo huitwa anisotropia. Aliyefundishwa hukigeuza kichwa taratibu hadi nyuzi zirudi, kisha humwomba mchezaji azungushe mkono ili kano itazamwe ikiwa inatembea. Asiyefundishwa huandika kwamba kano imekatika, na kijana wa watu hukaa benchi miezi kadhaa kwa jeraha asilokuwa nalo. Ujuzi huo haupatikani kwa kusimama nyuma ya mwalimu na kutazama skrini.

Ndiyo maana nasisitiza tofauti kati ya kuongoza sindano na kuchunguza. Felo anaweza kuongoza sindano nyingi kwenye goti lile lile, kwa njia ile ile, bila kujua kusoma kifundo cha mguu, kiwiko au nyonga. Chama cha madaktari wa michezo cha Marekani, AMSSM, kilipotoa mtaala wake wa altrasaundi kwa feloshipu mwaka 2010 na kuuhuisha mwaka 2015, hakikuishia kwenye mihadhara: kilipendekeza pia felo apime kwa mikono yake chini ya usimamizi. Mwalimu anayejua kazi hufundisha hata mipaka ya kipimo, kwa maana mawimbi hayapenyi mfupa, na ligamenti mtambuka za ndani ya goti pamoja na sehemu za ndani za meniskasi, ile gegedu ya goti, hubaki kuwa kazi ya MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku.

Kwa hiyo mwenzetu anayeisifu programu kwa mashine zake hajasema uongo, ila amesifu vifaa, na vifaa si mafunzo. Anayetaka kujua kuhusu mafunzo, amtafute felo anayemaliza mwaka wake na amuulize kama hushika kichwa cha mashine kabla ya mwalimu au baada yake, kama picha alizohifadhi hukaguliwa na mtu mwingine, na kama akishaandika jibu lake hulilinganisha na MRI au na kile alichokikuta mpasuaji.