Nukta inayoelea: kwa nini 0.1 ikijumlishwa mara kumi haifiki 1

Mpwa wangu wa Wete alijiandikia programu ya kujumlisha uzito wa karafuu. Katika kuijaribu, akaiamuru iongeze kilo 0.1, iongeze tena na tena, na jumla ikiwa sawasawa na 1 isimame. Haikusimama. Ikaipita 1, ikafika 40, ikaenda zake.

"Mjomba, kompyuta hii mbovu."

Nikamwambia aitazame jumla ya mara ya kumi. Ilikuwa 0.9999999999999999.

Kompyuta ilikuwa nzima. Shida ni vipimo ilivyopewa.

Wazee wetu walipima nafaka kwa pishi. Pishi moja ni visaga viwili, kisaga ni vibaba viwili. Kila chombo ni nusu ya mwenziwe wa juu. Tuseme huna vyombo vingine ila hivyo, unavigawa nusu kwa nusu: nusu, robo, thumuni, mpaka chini kabisa. Robo tatu ya pishi haikusumbui, ni kisaga na kibaba. Lakini ukitakiwa sehemu ya kumi, kama mtu anayetoa zaka ya mazao, utahangaika. Thumuni inazidi. Sehemu ya 16 inapungua; tia ya 32, bado; tia ya 256, bado; tia na ya 512, umepata 0.099609375. Utakaribia mpaka uchoke, na kufika hufiki.

Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1 tu, kwa hiyo vyombo vyake ndivyo hivyo. Namba ya desimali kwa kawaida hupewa biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1, kwa utaratibu wa wahandisi uitwao IEEE 754 uliotolewa mwaka 1985: biti 1 ya chanya au hasi, 11 za kusema nukta ikae wapi (ndiko kuelea kwenyewe), na 52 za tarakimu. Nafasi zikijaa, kilichobaki hukadiriwa. Ile 0.1 iliyomo ndani hasa ni kama 0.10000000000000000555; imezidi kidogo, lakini kila jumla nayo hukadiriwa, ndipo ya mara ya kumi ikapungua. Hatuioni kwa kuwa skrini hutufupishia, na kwangu mimi ufupisho huo ndio unaoponza watu kuliko hitilafu yenyewe. Kwa kukadiria huko, 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004, ilhali 0.5 + 0.25 ni 0.75 bila chenga hata moja.

Basi namba hizi usiziulize kama ni sawa. Toa moja kwa nyingine, puuza alama ya hasi, kisha uliza: tofauti iliyobaki ni ndogo kuliko kiasi ninachoweza kukisamehe? Kwa gunia la karafuu, gramu moja, yaani 0.001 ya kilo, inasameheka. Kiasi hicho lakini usikihamishe kila pahala, kwani namba zikikua na pengo baina yao hukua. Ongeza 1 juu ya 9,007,199,254,740,992 na jumla inabaki vilevile. Huko juu, pima tofauti kwa uwiano wa namba zenyewe.

Kwenye fedha mimi sisamehi kitu: andika senti kwa namba kamili, desimali uiweke wakati wa kuchapisha risiti tu. Mpwa wangu alifanya hivyo kwa uzito, akaacha kilo akashika gramu. 100 mara kumi ikawa 1000, programu ikasimama, naye akarudi uani kugeuza karafuu zake juani.