Je, wajua kompyuta ya gari inagunduaje kwamba taimingi, yaani mpangilio wa valvu kufunguka kulingana na mwendo wa pistoni, imepotea bila injini kufunguliwa?

Kompyuta ya injini haina jicho la kuona cheni wala mkanda wa taimingi. Inachofanya ni kusoma sensa mbili na kulinganisha majibu yake. Sensa moja iko kwenye krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, nyingine kwenye kemshafti, mhimili unaofungua valvu. Kwenye injini ya mipigo minne krankishafti huzunguka mara mbili kemshafti ikizunguka mara moja, na cheni au mkanda ndio unaozifungamanisha zisipishane.

Gurudumu la sensa ya krankishafti kwa kawaida limegawanywa nafasi 60 au 36, na nafasi mbili huachwa bila meno. Pengo hilo ndilo linaloijulisha kompyuta pistoni zimefika wapi. Penye nafasi 60, kila moja ni digrii 6. Penye 36, ni digrii 10. Kompyuta huhesabu meno kuanzia kwenye pengo hadi alama ya kemshafti itokee. Alama ikiwahi au ikichelewa kupita kiwango alichoweka mtengenezaji, taa ya injini huwaka na msimbo, yaani namba ya kosa inayosomwa kwa skana, huhifadhiwa.

Chukua giya ya kemshafti yenye meno 36. Cheni ikiruka jino moja, kemshafti inakuwa imehama digrii 10, na ukihesabu kwa krankishafti ni digrii 20. Hilo ni kosa kubwa, linajulikana mara moja. Cheni iliyolegea kwa uchakavu ni habari nyingine: inahama digrii chache tu, ndiyo maana msimbo wake hupenda kuja na kupotea kwa muda mrefu kabla haujakaa moja kwa moja.

Msimbo wa aina hii, basi, ni kipimo cha pembe. Hautaji kifaa kilichoharibika, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea: mtu anasoma P0016, ananunua sensa ya kemshafti, anaifunga, na taa inarudi. P0016 inasema kemshafti A ya upande wa kwanza, ambayo kwa kawaida ndiyo ya kuingiza hewa, hailingani na krankishafti. P0017 inasema hivyohivyo kuhusu kemshafti B, ya kutoa moshi. P0018 na P0019 ni za upande wa pili kwenye injini za V. Upande wa kwanza ni ule wenye silinda namba 1; injini ya silinda zilizopangwa mstari mmoja haina upande wa pili.

P0011 na P0012 huchanganywa sana na hizo, lakini zinazungumzia mfumo wa kubadili taimingi ya valvu. Kompyuta iliagiza kemshafti isogee au irudi, nayo haikutii: P0011 imebaki mbele, P0012 imebaki nyuma. Kwenye injini nyingi kinachoisogeza kemshafti hiyo ni presha ya oili. P0335 na P0340 ni za umeme wa sensa zenyewe, na P0300 ya injini kumisi (silinda kushindwa kuchoma mafuta sawasawa) mara nyingi hufuata nyuma ya tatizo la taimingi.

Tazama misimbo iliyokuja pamoja, kwa sababu mchanganyiko husema zaidi ya msimbo mmoja. P0016 na P0017 zikija kwa pamoja, kemshafti zote mbili zimepishana na krankishafti. Si rahisi sensa mbili zife siku moja, kwa hiyo shuku kile zinachotumia kwa pamoja: cheni, giya ya chini kwenye krankishafti, au gurudumu la sensa ya krankishafti. P0016 ikija na P0011, kuna uwezekano valvu ya kudhibiti oili imekwama wazi na kemshafti haikurudi mahali pake pa kupumzikia. Cheni inaweza kuwa nzima kabisa.

Usifute chochote kabla ya kuandika. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi hali ya injini wakati kosa lilipotokea: joto la maji, mizunguko kwa dakika, mzigo. Kosa lililotokea injini ikiwa baridi, sekunde chache baada ya kuwashwa, huelekeza kwenye tenshena (kifaa kinachokaza cheni) au pini ya kufungia giya ya kemshafti. Lililotokea injini ikiwa ya moto na iko silensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta) huelekeza kwenye presha ndogo ya oili. Ukichomoa betri, mara nyingi ushahidi huo unafutika.

Anza na oili. Angalia kipimo, rangi, na kama ni daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Injini ya oili nyepesi ya 0W-20 iliyojazwa oili nzito inaweza kuleta P0012 kwa sababu hiyo tu. Kisha chomoa valvu ya kudhibiti oili. Kwenye injini nyingi za Toyota upinzani wake ni ohm 6.9 hadi 7.9 kwenye nyuzi 20. Ipe volti 12 kwa muda mfupi, utaona kijiti cha ndani kikisogea. Safisha na kichujio chake kidogo cha wavu, maana tope la oili hujaa hapo. Ukiwa na skana inayoweza kuagiza, fungua valvu ya upande wa kuingiza hewa injini ikiwa silensa: injini ikitetemeka au ikizima, mfumo unafanya kazi. Isipobadilika, oili haifiki au valvu imekwama.

Sensa ichunguzwe kwenye plagi, waya, na ncha yake, kwani sumaku hukusanya vipande vya chuma. Mwenye osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, aweke mawimbi ya krankishafti na kemshafti pamoja na kuyalinganisha na ya injini nzima ya aina ileile. Ndiyo njia bora ya kupata jibu bila kufungua.

Ukisikia cheni ikigonga sekunde chache asubuhi, au kompresheni imeshuka karibu sawa kwenye silinda zote, fungua kifuniko cha valvu. Zungusha krankishafti kwa spana, upande injini inakozungukia tu. Ukirudisha nyuma cheni inaweza kulegea na kuruka. Weka alama ya puli kwenye 0, kisha soma alama za kemshafti. Zikiwa zimeelekea upande wa pili, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Usihangaike na pingili za rangi kwenye cheni: hulingana wakati wa kufunga tu, na baada ya mizunguko michache haziko tena mahali pake.

Alama zikiwa zimepishana, usiwashe injini tena. Kwenye injini nyingi valvu hugongana na pistoni. Badilisha cheni, miongozo inayoielekeza na tenshena kwa pamoja, na giya pia kama meno yamechongoka. Ukimaliza kufunga, chomoa pini inayoizuia tenshena na uzungushe krankishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote, simama, usilazimishe.

Futa misimbo, endesha gari hadi lipate moto, lizime, liwashe tena likiwa limepoa. Magari mengi hungoja kosa lijirudie safari ya pili ndipo yawashe taa, kwa hiyo soma pia misimbo inayosubiri, yaani iliyohifadhiwa kabla taa haijawaka, hata kama dashibodi iko safi.