Ile klipu ya Daigo sio ya Tougeki jamani

Kila nikikaa na watu wa gemu za ngumi lazima mmoja aseme ile klipu ya Daigo Umehara, mchezaji wa Japani, akicheza Street Fighter III, ile mhusika wake ana damu (yaani uhai) kiduchu kabisa halafu anazuia mateke yote ya Chun-Li, mhusika wa mpinzani wake, ilitokea Japani kwenye mashindano ya Tougeki. Sio kweli. Ile ni Evo 2004, mashindano ya gemu za ngumi ya Marekani, kule California, na zile kelele zote unazosikia ni za ukumbi wa Marekani.

Tena wanasema siku hiyo Daigo ndo alibeba ubingwa. Hakubeba! Ile ilikuwa fainali ya upande wa waliokwisha kufungwa mara moja, akamtoa Justin Wong, huyo aliyekuwa na Chun-Li, halafu kwenye fainali kuu akapigwa na Mjapani mwenzake Kenji Obata, na huyu bwana inaniuma sana jinsi alivyosahaulika. Ila sipunguzi alichofanya Daigo, maana kwa damu ile angejikinga kawaida tu angekufa, pigo la nguvu linakulamba kidogo hata ukijikinga, kwa hiyo ikabidi apokee mapigo 15 moja moja kwa kusukuma fimbo ya kuchezea wakati uleule pigo linafika.

Sasa Tougeki yenyewe, huko nje wanaiita SBO, Super Battle Opera, iliendeshwa na Arcadia, jarida la gemu la Japani, kuanzia 2003 mpaka 2012. Watu wanadhani ilikuwa Evo tu iliyohamishiwa Japani, wapi! Evo unalipa, unajiandikisha, unacheza, na ukifungwa mara ya kwanza bado una nafasi ya pili. Tougeki ilikuwa lazima kwanza ushinde mchujo kwenye kumbi za gemu, zile za mashine za sarafu, na ukifika fainali ilikuwa mtoano mtupu, ukifungwa mara moja umetoka. Gemu kadhaa zilichezwa kwa timu, kwa hiyo mwenzako akiwa na siku mbaya na wewe umeondoka naye. Fikiria timu imeshinda mchujo Marekani, imepanda ndege mpaka Japani, inapoteza mechi moja tu, basi, safari imeishia hapo. Mimi naona hakukuwa na mashindano yenye presha kama ile.

Na Evo Japan iliyoanza 2018 sio Tougeki iliyobadilishwa jina, ni mtoto wa Evo ya Marekani. Tougeki ilikuwa imeshazimika miaka sita kabla ya hapo.