Mfalme au rais, tuulize anaondokaje

Nafundisha uraia hapa Mtwara. Kila nikifika mada ya aina za serikali, swali ni lile lile: "Mwalimu, ufalme na demokrasia, kipi bora?" Nami huwajibu kwamba hivyo viwili havipingani kama wanavyodhani.

Uingereza na Sweden zina wafalme, lakini wananchi wanapiga kura na serikali zinang'oka. Korea Kaskazini haina mfalme, inajiita ya kidemokrasia kabisa, na madaraka yametoka kwa babu yakaenda kwa baba hadi mjukuu. Sisi wenyewe tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull, huku Nyerere akiwa waziri mkuu. Tulikuja kuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye. (Hili huwashangaza hata walimu wenzangu.)

Kwa hiyo mimi huuliza jambo jingine: mtawala akiharibu, mnamtoaje?

Tazama jirani zetu wa Kilwa Kisiwani. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipofika mwaka 1331 alimsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake. Ukienda leo utaona magofu ya jumba la kifalme la Husuni Kubwa, na lile bwawa la pembe nane ndani yake. Ukijaaliwa mtawala wa namna hiyo, ufalme una raha: hakuna kampeni, na jambo likiamuliwa limeamuliwa. Tatizo ni kwamba ukarimu ule ulikuwa wa mtu, si wa kiti. Kufikia mwishoni mwa karne ya 15, maamiri ndio walioshika usukani, masultani wakabaki jina. Wareno walipovamia mwaka 1505 walimkuta Amir Ibrahim, ambaye naye alikuwa ameunyakua utawala. Wakamtimua, wakamsimika mtu wao, Muhammad, na haikupita muda akauawa. Kila badiliko lilikuja kwa nguvu, maana njia nyingine haikuwepo.

Tena urithi wenyewe si lazima uende kwa mtoto wa kiume. Kwa Wayao na Wamakonde, ukubwa ulipita kwa mpwa, mtoto wa dada.

Katika jamhuri yetu njia imeandikwa. Ibara ya 40 ya Katiba inazuia mtu kuchaguliwa rais zaidi ya mara mbili, na ibara ya 46A inalipa Bunge uwezo wa kumshtaki. Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso kule Masasi, aliingia 1995, akatoka 2005, akawa mstaafu kama wastaafu wengine. Ni kweli uchaguzi una gharama na kelele, na kura ikichezewa maandishi hayo hayamsaidii mtu. Hata hivyo, kwenye mkutano mkuu wa kijiji mama anaweza kusimama wakati mwenyekiti anasoma matumizi akauliza, "Hiyo misumari ilikuwa kilo ngapi?" na mwenyekiti akalazimika kurudi kwenye daftari.

Wanaotaka mfano wa kulinganisha wachukue Lesotho na Eswatini, zote zenye wafalme, zote zilizotawaliwa na Waingereza. Lesotho, Letsie wa Tatu hatawali. Mwaka 2022 wapiga kura waliibadilisha serikali na yeye akabaki kwenye kiti chake. Eswatini, Mswati wa Tatu ndiye anayemteua waziri mkuu, na vyama vilipigwa marufuku tangu 1973, enzi za baba yake.