"MySQL haitoe raporo": hapana, si vile

Hapa Goma nasikia kila siku: kama unataka raporo ya kweli shika Access, programu ya data ya Microsoft, juu MySQL na PostgreSQL, programu zingine za data, haziwezi. Si kweli, lakini naelewa penye inatokea. Access, tangu 1992, iko na data na kifaa cha kuchora raporo ndani ya programu moja, inakupangia kichwa cha ukurasa, makundi, jumla ya kila kundi, unachapa karatasi basi. MySQL na PostgreSQL zenyewe ni injini, kazi yazo ni kuchunga data na kujibu maswali, mambo ya karatasi unaachia programu za raporo kama JasperReports, BIRT ao LibreOffice Base. Tena Access yenyewe inaungana na PostgreSQL kwa njia ya ODBC (daraja kati ya programu na data), unabakia na raporo zako za zamani na data inakaa kwingine, na naona huruma sana kwa wenye kuteseka na faili imefika GB 2, juu Access haipite pale.

Wengine wanasema SQL, luga ya kuuliza data, inatoa mistari tu, jumla ni kazi ya Excel. Weka ROLLUP (agizo la kuongeza mistari ya jumla) kwenye GROUP BY (penye unapanga mistari kwa makundi) uone: jumla ya kila depo, na jumla kubwa chini. Injini zingine kama Oracle na SQL Server ziko nayo, PostgreSQL tangu 9.5, MySQL unaandika WITH ROLLUP. SQLite, injini ndogo, njo haina, pale unaunga na UNION ALL (inashikanisha majibu ya maswali mawili). Ila chunga, ule mstari wa jumla unakuja na NULL (pahali patupu) penye jina lilipaswa kukaa, uupatie jina kabla patro hajauliza ni kliya (mteja) gani huyu hana jina.

Sasa ile yenye inaniuma zaidi: eti raporo ikipangwa vizuri, hesabu ni sawa. Depo moja ya sima kule Birere tuliuzisha kwa dola na kwa franka, bei zote zilikuwa safu moja, aina ya pesa safu ingine. SUM, agizo la kujumlisha, haijue pesa, inajua namba tu: dola 12 na franka 25000 inakuandikia 25012, ya nini? Ya hakuna kitu. Na ukurasa ulikuwa muzuri, nembo juu, mistari imenyooka, mpaka mzee mwenye depo akasimamisha biki kwenye jumla ya chini akanyamaza. Kutengeneza ilikuwa neno moja tu, kuongeza safu ya pesa kwenye GROUP BY. Ile siku pia njo tuliona kliya wenye hawakununua ule mwezi hawako kwenye raporo kabisa, juu INNER JOIN (inaunganisha kliya na mauzo, inaacha wenye hawana mauzo) inawatupa kimya kimya, inafaa LEFT JOIN, yenye inabakisha kliya wote, na mzee alikuwa anawatafuta wao sana, alitaka kujua ni nani ameacha kuja.